Kimya Si Jibu

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nami sithubutu kuwapinga. Ila baada ya mwaka mmoja wa kuhangaika na tarakilishi, ningependa kuwauliza swali moja tu: huo mshindo tutaujuaje, ikiwa hatujui kimya chenyewe ni cha nini? Kuna kimya cha mtu asiye na habari. Kuna kimya cha mtu aliyelala. Kuna na kimya cha mtu aliyekwisha kwenda zake. Ukivitazama kwa mbali vyote hufanana kama mapacha.

Insha yangu inahusu jinsi seva ya wavuti inavyoshughulikia miunganisho ya papo kwa papo iitwayo soketi. Tafadhali usikimbilie ukurasa wa mashairi! Mwenzangu mmoja alipoisikia mada hii aliangua kicheko akaniambia, "Wee, hiyo andika kwa Kizungu, Kiswahili hakiwezi." Nilimjibu kwamba Kiswahili kimeweza siasa, kimeweza mapenzi, kimeweza hata kutangaza mpira redioni mpaka asiyeuona akauona. Kitashindwaje na waya? Soma hadi tamati, kisha uamue ni nani kati yetu aliyesema kweli.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyoniingiza katika mambo haya. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tuna shule mbili. Ya kwanza ni hii ya kengele na gwaride. Ya pili ni ile inayotungoja nyumbani: kupika, kufua, kulea wadogo zetu na, mtaani kwetu, kuchota maji. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na hata siku ya zamu huja saa yapendayo yenyewe. Kwa hivyo tunategemea kioski. Mama wa kioski hufungua tangi lake likijaa na hulifunga likiisha, na hakuna ajuaye mapema. Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa dakika 15, tena kuna mteremko wa kwenda na mlima wa kurudi. Ukienda ukakuta kufuli umepoteza nusu saa. Ukienda mara tatu jioni moja, piga hesabu mwenyewe. Saa moja na nusu ya Hisabati imeishia barabarani, na mwakani ni KCSE. Mtihani haumwulizi mtu kama kwao kulikuwa na maji.

Kaka na dada waliotutangulia katika chama cha kompyuta, ambao sasa wamekwisha kumaliza Kidato cha Nne, waliliona tatizo hili wakatunga programu ndogo. Mama wa kioski alipewa ukurasa wenye vitufe viwili kwenye rununu yake: MAJI YAPO na MAJI HAKUNA. Majirani wenye simu za intaneti walifungua ukurasa mwingine na kuona hali ilivyo. Seva yenyewe ni ya kukodi na mwalimu wetu wa kompyuta ndiye huilipia. Ina kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, ndogo kuliko ya rununu nyingi za mfukoni. Walipoondoka walituachia sisi wawili, mimi na rafiki yangu wa dawati moja, tuitunze. Hapo ndipo nilipoanza kujua kwamba kuleta habari ni jambo moja, na kuileta kwa wakati ni jambo jingine kabisa.

Programu hiyo ya zamani ilifanya kazi kwa kubisha hodi. Ili uelewe, yafaa ujue kwamba wavuti, ambayo Tim Berners-Lee aliipendekeza kule CERN mwaka wa 1989, ilijengwa juu ya mazungumzo ya swali na jibu. Kivinjari huuliza, seva hujibu, basi. Katika itifaki hiyo ya HTTP seva haina ruhusa ya kuanza kusema. Hata ikiwa na habari motomoto, yangoja kuulizwa, kama mwanafunzi mwenye adabu asiyefungua kinywa mpaka mwalimu amtaje jina. Kwa mtu anayesoma gazeti utaratibu huo unatosha. Lakini kwa anayengoja maji, rununu haina la kufanya ila kuuliza tena na tena. "Hodi, maji yapo?" "Hakuna." Sekunde 5 zikipita: "Hodi, maji yapo?" "Hakuna." Hata mtoto mdogo hamsumbui mamake kiasi hicho.

Hebu tupige hesabu. Kuuliza kila sekunde 5 ni mara 12 kwa dakika, na mara 720 kwa saa. Tulipopima, swali moja pamoja na jibu lake vilikuwa takriban baiti 800, na karibu zote zilikuwa maneno ya adabu ya itifaki: mimi ni kivinjari fulani, naelewa lugha fulani, nataka ukurasa fulani. Jibu lenyewe lilikuwa maneno mawili tu! Sasa 720 mara 800 ni baiti 576,000, yaani zaidi ya nusu megabaiti kwa saa kwa kila rununu. Watu 40 wakitazama, seva hubishiwa hodi mara 28,800 kwa saa moja, ilhali hali ya tangi pengine imebadilika mara mbili. Kwa mwenye bando la mwezi mzima hilo si neno. Lakini mtaani kwetu watu hununua bando la shilingi 10 au 20, na rununu inayouliza ovyo hula bando na betri pamoja. Mjomba mmoja jirani alituambia waziwazi, "Hii maji yenu ya simu ni ghali kuliko maji." Tulicheka, lakini alikuwa amenena ukweli mtupu.

Ndipo tukaingia katika soketi. Usishtuke, msomaji, neno hili unalo nyumbani. Ni kile kitundu cha ukutani unachochomekea pasi. Katika tarakilishi pia soketi ni pahali pa kuchomeka, ila kinachopita si umeme bali ni maneno ya programu mbili. Soketi za aina hii zilienea kutoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, zilipotolewa ndani ya mfumo wa 4.2BSD mwaka wa 1983. Kila muunganisho una ncha mbili, na kila ncha hujulikana kwa anwani na namba ya mlango. Kwa hiyo soketi ni kongwe kuliko mimi na wewe. Kilichokuja baadaye ni kuziruhusu kurasa za wavuti kushika muunganisho mmoja na kuuacha wazi, pande zote mbili ziseme zitakapo. Itifaki ya kufanya hivyo huitwa WebSocket, na ilisanifishwa mwezi wa Desemba 2011 katika waraka uitwao RFC 6455.

Namna inavyoanza hunifurahisha sana, kwani ni hodi na karibu kama zetu. Kivinjari hutuma ombi la kawaida la HTTP, lakini ndani yake huomba itifaki ibadilishwe, na huweka ufunguo wa kubahatisha wa baiti 16 ulioandikwa kwa herufi. Seva inayoelewa huuchukua ufunguo huo, huuunga na mfuatano maalumu wa herufi 36 uliowekwa katika waraka ule ule, hukoroga vyote kwa hesabu iitwayo SHA-1, kisha hurudisha matokeo pamoja na namba 101. Maana ya 101 ni "sawa, nabadilisha itifaki." Jambo hili si la kuficha siri, kwani yeyote anaweza kuikokotoa hesabu hiyo. Kazi ya kuficha hufanywa na TLS, usimbaji ule ule unaolinda kurasa za benki. Hii ya ufunguo ni kama kuitikia "karibu": inathibitisha kuwa aliye ndani ameelewa lugha, wala si mwangwi wa nyumba tupu.

Baada ya hapo maneno ya adabu hayarudiwi tena. Ujumbe wa MAJI YAPO una herufi 9 ukihesabu na nafasi, na bahasha yake ya WebSocket kutoka kwa seva ni baiti 2. Jumla ni baiti 11. Linganisha na 800! Ni kweli kwamba chini yake kuna bahasha nyingine za TCP na IP, lakini hizo zililipwa hata zamani.

Hapo rafiki yangu aliuliza swali zuri. "Sasa seva ikishikwa mkono na watu 40 kwa pamoja, itamsikiza nani?" Zamani seva nyingi zilimpa kila mgeni mhudumu wake, na mhudumu huyo alisimama akingoja hata kama mgeni hasemi kitu. Wageni wakizidi, wahudumu hujaa jikoni wasipate pa kukanyaga. Mwaka wa 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo hilo kwa jina la C10K, yaani jinsi seva moja itakavyohudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Dawa iliyoshika sana ni ile ya mama wa chapati. Mama wa chapati hasimami akiikodolea macho chapati moja hadi iive. Mkono mmoja unasukuma, mwingine unageuza, na mdomo unapokea pesa na kurudisha chenji. Hushughulikia ile inayomhitaji sasa hivi. Node.js, iliyotolewa na Ryan Dahl mwaka wa 2009 na ambayo ndiyo tunayotumia, hufanya vivyo hivyo: kuna uzi mmoja wa kazi unaozunguka ukiuliza "nani ana jambo?" na kumhudumia mwenye jambo tu. Lakini kuna sharti. Mama huyo akienda kupiga soga ndefu na jirani, chapati zote zitaungua. Vilevile katika Node.js, ukiipa seva hesabu moja ndefu, miunganisho yote hungoja.

Muunganisho uliotulia, kwa hiyo, hauichoshi seva. Gharama yake ni kumbukumbu kidogo na namba moja katika orodha ya mfumo. Hata hivyo orodha hiyo ina mwisho. Katika mifumo mingi ya Linux kikomo cha mwanzo kwa programu moja huwa 1,024 mpaka kiongezwe. Chochote kinachokaa katika orodha bila faida kinamnyima mwingine nafasi. Na sasa tumefika kwenye kimya chenyewe.

Kabla ya soketi, kuna jambo lililompata nyanya mmoja wa plotini kwetu ambalo sijalisahau. Mjukuu wake aliufungua ule ukurasa wa zamani mchana, ukaandika MAJI YAPO kwa rangi ya kijani. Mnamo saa kumi alasiri bando likaisha. Rununu haikulia wala haikusema kitu. Ukurasa ulibaki vile vile, kijani, MAJI YAPO. Saa moja jioni nyanya akaitazama, akajifunga leso, akachukua mtungi na kushuka ule mteremko. Alikuta kufuli. Alirudi gizani na mtungi mtupu, akaketi kwenye ngazi ya ploti huku akihema, wala hakumlaumu mtu. Aliponiona aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, simu ikinyamaza, mimi nitajuaje kuwa imenyamaza?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo gumu kuliko yote katika kazi ya soketi, na wataalamu wakubwa huliuliza kila siku kwa maneno mengine. Hebu fikiria. Mtu akifunga ukurasa kwa taratibu, kivinjari huiaga seva, na seva humfuta katika orodha. Lakini betri ikizima, au mtu akiingia mahali pasipo na mtandao, hakuna kwaheri inayotumwa. Upande wa seva muunganisho bado unaonekana mzima. Hiyo ndiyo asili ya TCP: haitumi kitu ikiwa hakuna cha kusema. Linux ina njia yake ya kuchunguza miunganisho iliyotulia, lakini ukiiwasha bila kubadilisha kitu hungoja saa 2 kabla ya kuuliza mara ya kwanza. Saa 2! Tangi limejaa, limeisha na limefungwa.

Tulipoipeleka programu kwenye WebSocket, jioni moja ubao wa hesabu ulituonyesha kwamba watu 61 wanatazama. Mwalimu alifurahi. Rafiki yangu, ambaye haamini kitu mpaka akiguse, akasema, "Hebu tuwaulize kama wapo." Tukaongeza pigo la moyo, nitakalolieleza sasa hivi, na baada ya dakika moja 61 ikawa 19. Wale wengine 42 walikuwa mizuka. Seva ilikuwa ikiwashika mikono watu waliokwisha kwenda zao zamani.

Pigo la moyo ni hivi. Kila sekunde 30 seva huwaambia wote neno moja dogo: "nipo." Kila ukurasa hujibu "nipo." Kabla ya kuuliza, seva huandika kando ya kila jina alama ya shaka, na jibu likija huifuta. Zamu inayofuata, yeyote ambaye bado ana alama ya shaka hukatwa na kuondolewa katika orodha. Itifaki ya WebSocket ina pigo lake lenyewe, pingi na pongi, na kivinjari hujibu pongi bila kuambiwa. Shida ni kwamba hakimjulishi mwandishi wa ukurasa kuwa pingi imefika. Sisi tulitaka pande zote mbili zijue, kwa sababu ya nyanya, na kwa hiyo tuliandika letu wenyewe. Gharama? "Nipo" ya seva ni baiti 6, na "nipo" ya rununu ni baiti 10, kwa kuwa itifaki huutaka upande wa kivinjari uongeze baiti 4 za kufunika ujumbe. Jumla 16, mara 120 kwa saa, ni 1,920. Kumbuka zamani ilikuwa 576,000. Ni mara 300 chini! Ukiongeza zile bahasha za TCP na IP pengo hupungua, lakini bado mjomba wetu amenyamaza, na hicho ni kimya cha kuridhika.

Pigo hilo lina faida nyingine. Katikati ya rununu na seva kuna mitambo mingi ya kampuni za simu, na mitambo hiyo husahau muunganisho uliokaa muda bila kupitisha kitu. Neno dogo kila baada ya muda huikumbusha kuwa njia bado inatumika.

Lakini faida kubwa iko kwenye skrini. Zamani ukurasa wetu ulikuwa na rangi mbili, kijani na nyekundu. Sasa una tatu. Sekunde 70 zikipita bila rununu kusikia "nipo," maandishi yote hugeuka kijivu na kusema SINA HABARI, pamoja na saa ambayo habari ya mwisho ilipokelewa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipouona ukurasa huo alisema hiyo rangi ya kijivu ni somo la sarufi. "Hakuna maji" ni habari. "Sina habari" si habari kwamba hakuna. Mashine isiyojua tofauti hiyo itamteremsha nyanya gizani kila siku, hata kama waya zake ni za dhahabu.

Baada ya kukatika huja swali la kurudi. Miunganisho hukatika kwa sababu nyingi, na nyingine ziko mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikatambaa kama kobe katika Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo ukurasa ni lazima ujue kujiunganisha tena wenyewe. Hapa pana mtego. Tuseme seva imezimwa kidogo na kuwashwa. Rununu zote zimekatwa sekunde moja, na zote zikirudi sekunde moja, seva ndogo kama yetu itakanyagwa kama mlango wa matatu siku ya mvua. Dawa ni kungoja kwa hatua: sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, hadi 30, na kila rununu iongeze muda wake mdogo wa kubahatisha ili zisilingane. Na ikiunganika, kitu cha kwanza inachopewa ni hali ya sasa, si hadithi ya mambo yote yaliyopita. Vilevile rununu yenye mtandao mzito haiwekewi ujumbe wa kale urundikane katika kumbukumbu ya seva. Ujumbe mpya ukija, ule wa zamani hutupwa. Kwa mambo ya maji, habari ya saa iliyopita ni uongo uliovaa nguo za ukweli.

Cha kushangaza ni kwamba msongamano ule ule ulitokea kioskini, kwa watu wa damu na nyama. Wiki ya kwanza ya soketi, mama wa kioski alibonyeza MAJI YAPO na kabla hajaweka rununu mfukoni akaona watu kutoka kila kichochoro, mitungi inagongana. Alinishika sikio kwa utani akaniambia, "Wewe msichana, umeniletea vita." Tukaketi naye tukakubaliana kuongeza kitufe cha tatu, FOLENI NDEFU, na sasa hivi watu wengi hungoja kidogo wenyewe. Kumbe kuharakisha habari si kuongeza maji. Tangi ni lile lile. Kinachoongezeka ni uwezo wa mtu kuchagua saa yake ya kutoka nyumbani.

Jambo la mwisho la kazi yetu ni nani aruhusiwe kusema. Mlango ukiachwa wazi pande mbili, hata mtundu anaweza kupaza sauti. Seva yetu husikiza habari za tangi kutoka kwa rununu iliyoingia kwa neno la siri la mama wa kioski peke yake. Wengine wote husikia tu. Pia hutazama ombi limetoka ukurasa gani kabla ya kutoa ile 101, ili tovuti ya mtu mwingine isije ikaazima mlango wetu kisirisiri. Mgeni hukaribishwa, lakini huulizwa anatoka wapi.

Je, tumemaliza? La hasha. Mama yangu mzazi hana rununu ya intaneti. Ana kabambe, ile ya vitufe na tochi. Soketi zote za dunia hazimfikii. Anayemfikia ni mtoto wa jirani wa darasa la tano, ambaye kaka yake ana simu, na ambaye rangi ikigeuka kijani husimama kwenye roshani na kupiga ukunga, "Maji yamefika!" Ukweli ni kwamba hatua ya mwisho ya mtandao wetu ni koo la mtoto. Mimi na rafiki yangu tunafikiria njia ya kutuma ujumbe mfupi kwa kabambe, lakini kila ujumbe una bei, na bado tunatafuta wa kuilipa. Habari inayowafikia wenye simu kubwa peke yao huwatanguliza wao kwenye foleni, na wengine huipata mwisho. Hilo halirekebishwi kwa msimbo pekee.

Hata hivyo sitaacha kusema lililo jema. Jioni nyingi za muhula huu nimekaa mezani na kitabu changu hadi rangi igeuke, nikaenda mara moja, nikarudi na mtungi uliojaa. Zile saa zilizokuwa za barabarani sasa ni za milinganyo na ushairi. Nyanya naye humwuliza mjukuu wake kila jioni, "Ni ya kijani, nyekundu, au ile ya jivu?" Akiambiwa ni ya jivu, huketi. Hajui soketi ni nini, lakini ameielewa kuliko wengi.

Wanafunzi wenzangu, hasa wasichana, msidhani vyumba vya kompyuta vina wenyewe. Ukiweza kueleza kwa nini foleni ya kioski imekwama, umekwisha kuelewa nusu ya seva. Ukiweza kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, hata nyanya atakuuliza swali litakalokufanya uirekebishe. Karibuni katika chama chetu kila Jumatano baada ya vipindi. Hodi moja tu yatosha.